Msaada wa kuchagua baiskeli ya umeme ya milimani (shokapu mbele na nyuma), bajeti euro 5,500

Msituni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Niko Freiburg, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Ukitoka mjini tu unaingia Msitu Mweusi, na kwangu hadi kilele cha Schauinsland ni kama mita 1,000 za kupanda. Nina baiskeli ya kawaida yenye shokapu ya mbele peke yake. Kupanda napanda, ila nikifika juu miguu imeisha, na ile njia ya kushuka niliyoifuata siifaidi hata kidogo. Nimeamua kununua ya umeme, iwe na shokapu mbele na nyuma.

Nimezunguka maduka na nimetoka na utata kuliko nilivyoingia. Duka moja linanipa ya alumini, mota ya Bosch Performance Line CX, betri ya Wh 800 (saa-wati, kipimo cha umeme betri inaoubeba), kilo 25 na ushee. La pili linasema hiyo ni gogo, nichukue ya kaboni yenye mota ndogo ya Bosch SX na betri ya Wh 400, kilo 19 hivi. La tatu likanionyesha Amflow PL yenye mota ya DJI Avinox, wale watengeneza droni. Nikaambiwa ina Nm 120 (nguvu ya kuzungusha) na hao wengine wote wamebaki nyuma. Hiyo inazidi bajeti, ila kazini kuna mpango wa kukodishiwa baiskeli kupitia mwajiri, kwa hiyo naweza kujikamua.

Taarifa zangu: kilo 92 nikiwa na begi na kofia. Naishi ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Chini kuna stoo ya pamoja yenye kufuli, lakini haina soketi ya umeme. Natoka wikiendi, na jioni mojamoja wakati wa kiangazi. Sirukiruki, ila napenda njia za mizizi na mawe.

Wajuzi, mngekuwa nyie mngechukua ipi?

---

Tajiri_Mtarajiwa

Euro 5,500 za baiskeli na bado unapiga pedeli mwenyewe? Huku kwetu hiyo hela mtu anafungua kijiwe cha bodaboda na anakaa kivulini kuhesabu hesabu za jioni. Endeleeni, mimi nimekaa pale kwenye kona nasoma.

---

FundiSpoku

Mkuu Msituni, mimi kazi yangu ni hiyo, niko karakana ya baiskeli huku huku kusini mwa Ujerumani. Nitakujibu kwa urefu maana swali lako umelileta na taarifa, wengi wanakuja na "ipi bora" halafu basi.

Kwanza weka Nm pembeni. Sheria ya Ulaya ni moja kwa zote tatu: mota ya wati 250 kwa nguvu ya kudumu, na msaada unakata ukifika km 25 kwa saa. Hizo Nm 85, 100, 120 ni msukumo kwenye krenki, ule mkono unaoshika pedeli, na wati 600 au 1,000 wanazotangaza ni za kilele, za muda mfupi. Utazisikia kwenye kona kali ya kupanda unapoanza kutoka kwenye kusimama. Kwenye barabara ya changarawe ya kupanda Schauinsland, ambako utatumia sehemu kubwa ya muda wako, mota zote mbili kubwa zitakufikisha juu bila kulalamika, na wewe utakuwa umeweka msaada wa kati ili betri isiishe.

Sasa betri, na hapa naomba tupige hesabu maana dukani hawapigi. Wewe kilo 92, baiskeli 25, jumla 117. Kuinua kilo 117 mita 1,000 ni kama Wh 320 za kazi tupu. Ongeza robo kwa ajili ya msuguano wa tairi na changarawe, unafika Wh 400. Tuseme wewe unatoa Wh 160 kwa miguu yako, ambayo kwa mtu wa kawaida ni mwendo wa kutoa jasho lakini bado unaongea, kama saa moja na robo hivi. Zinabaki Wh 240 za mota. Mota na betri vinapoteza kama robo njiani kwa joto, kwa hiyo kutoka kwenye betri zinatoka Wh 320.

Maana yake: betri ya 800 inakupandisha Schauinsland mara mbili na chenji inabaki. Betri ya 400 kwenye baiskeli ya kilo 19 inakupandisha mara moja, hesabu yake inatoka kama Wh 300, halafu kilima cha pili unakifanya kwa miguu. Pepo za mbele, baridi na matope vyote vinakula zaidi, sijaviweka.

Sasa jambo ambalo kwako ndilo kubwa kuliko yote, na umeliandika mwenyewe bila kuliona: ghorofa ya tatu, stoo haina soketi. Betri lazima ichomoke. Baiskeli inalala chini, betri inapanda na wewe. Ile PowerTube 800 ya Bosch ina kilo 3.9, unaipandisha kwa mkono mmoja. Baiskeli nyingi nyepesi, na hiyo Amflow ikiwemo, betri imefungiwa ndani ya fremu, haitoki bila kufungua vitu. Utakuwa unapandisha kilo 19 au 20 ngazi za ghorofa tatu, tairi zina matope, na majirani wa Kijerumani unawajua.

Kabla hujaniuliza mota gani, muulize muuzaji betri inatokaje. Mwambie aitoe mbele yako.

---

Dada_Zai

Kaka Fundi umeeleza vizuri ila umeihukumu nyepesi haraka mno. Mimi niko Innsbruck, Austria, naendesha ya mota ndogo, na siwezi kurudi kwenye gogo.

Hesabu yako ya betri ni sahihi kwa mtu wa kilo 92. Mimi na vifaa vyangu vyote ni 60. Piga upya uone, betri ile ile ndogo inanipa vilima viwili. Halafu kuna betri ya nyongeza, kwa mfumo wa Bosch inaitwa PowerMore, Wh 250, inakaa pale kwenye kishikio cha chupa. Siku ya safari ndefu naibeba, siku nyingine inabaki nyumbani.

Na kushuka ndiko kunakoleta raha, au sio? Baiskeli ya kilo 19 unaiinua gurudumu la mbele juu ya gogo kwa mikono tu. Ya kilo 25 inapita pale inapotaka yenyewe, wewe ni abiria. Kwenye njia za kona za karibukaribu tofauti unaiona kona ya pili. Kuna na mageti ya ng'ombe huku Tirol, yale ya kuruka. Uliza mtu mwenye baiskeli ya kilo 25 anayarukaje.

Ila mota ndogo ina tabia yake lazima niiseme. Inataka uzungushe pedeli haraka. Ukizungusha chini ya mizunguko 60 kwa dakika kwenye mpando mkali inakuwa kama haipo. Ukiwa mtu wa kukanyaga gia nzito taratibu, haitakupenda.

---

FundiSpoku

Dada Zai, hoja ya uzito wa mwendeshaji nakubali kabisa, ndiyo maana nimemjibu yeye na kilo zake. Wewe ningekuuzia nyepesi bila kukuuliza mara mbili.

---

WaNgong

Salamu kutoka Nairobi. Mimi nitakuwa yule mtu mbaya hapa. Kwa nini shokapu ya nyuma? Bei ya full (yenye shokapu mbele na nyuma) na betri kubwa ukiweka kwa ile ya shokapu ya mbele tu, unapata vifaa vizuri zaidi: breki nzuri, gia nzuri, foku (uma wa mbele wenye shokapu) nzuri. Sisi Karura na Ngong tunaenda na za shokapu moja, mwaka mzima, na hakuna beringi za viungo za kubadilisha. Msee wangu mmoja alinunua full ya mitumba, beringi pekee zilimkalisha wiki akingoja zitoke nje.

Mota tayari inakupandisha. Sasa shokapu ya nyuma ya nini?

---

FundiSpoku

WaNgong, hoja nzuri, na kwa njia za Karura naungana na wewe mia kwa mia. Ila kwa ya umeme hesabu ya shokapu ya nyuma inageuka kidogo.

Kwenye baiskeli ya kawaida ukifika mzizi unasimama kwenye pedeli, unalegeza magoti, mwili wako ndio shokapu. Kwenye ya umeme unapanda ukiwa umekaa, kwa sababu mota inakuruhusu kukaa, na kwa sababu ukisimama gurudumu la nyuma linakosa uzito linaanza kuteleza na zile Nm zote zinachimba shimo. Kwa hiyo unakaa, na gurudumu la nyuma linapiga mizizi kwa kasi ambayo kwa miguu usingefika nayo. Bila shokapu linaruka, likiruka linakosa mshiko, mota inasukuma hewani. Yenye shokapu nyuma linabaki chini linauma ardhi. Kuna sehemu za kupanda huku msituni ambazo za shokapu moja hazipiti, si kwa kukosa nguvu, kwa kukosa mshiko.

Na kilo 25 kushuka kwenye mawe bila shokapu ya nyuma, rimu na mgongo vyote vinalipa.

Beringi ni kweli. Huku tunabadilisha, na mtu anayeosha kwa mashine ya presha tunamwona mapema zaidi. Osha kwa ndoo na brashi.

---

Msituni

Asanteni sana wakuu, mmenifungua macho. Ile ya betri kuchomoka sikuwa nimeiwaza hata kidogo, na kweli duka la pili nimepiga simu wakanithibitishia haitoki kirahisi.

Lakini Fundi, naomba uniambie ukweli kuhusu hiyo Avinox. Kila video ninayofungua watu wanaisifu. Je, ni kelele za biashara tu?

---

FundiSpoku

Hapana, si kelele. Nimeiendesha. Mota ina kilo 2.52, ni nyepesi kuliko Bosch CX mpya yenye 2.8, na inatoa Nm 105 kwa kawaida, 120 ukibonyeza ile nguvu ya ziada, ambapo kilele kinafika wati 1,000. Ilipotoka katikati ya 2024 iliwashtua wakubwa wote. Bosch wenyewe mwaka uliofuata wakaipa CX ya kizazi cha tano sasisho la programu: kutoka Nm 85 na wati 600 hadi Nm 100 na wati 750. Mota ile ile, chuma kile kile. Hapo ndipo ujue hizi namba zina kiasi gani cha programu ndani yake.

Kuna na mvutano wa kisheria. Chama cha watengenezaji wa baiskeli hapa Ujerumani, ZIV, mwaka 2025 kilitoa msimamo kwamba kilele kiwekewe kikomo cha wati 750. Hofu yao ni kwamba wati zikiendelea kupanda hivi, siku moja serikali itasema hizi si baiskeli tena, na hapo tunapoteza haki ya kupita msituni bila bima na namba. Huo ni msimamo wa chama tu, haujawa sheria. Ila ujue upepo unavuma upande gani.

Kwangu mimi kinachonifanya nisite ni huduma. Mota ikiugua, fundi hafungui na bisibisi. Anachomeka kompyuta yenye programu ya mtengenezaji, anasoma makosa, na mara nyingi mota nzima inatolewa inarudishwa. Swali ni nani karibu na kwako ana hiyo kompyuta. Mfumo wa Bosch utaupata karibu kila mji hapa. Mota za Shimano pia si shida. Huyo mgeni mtandao wake bado unakua, na ukiwa Freiburg labda kuna duka moja, labda lile lile lililokuuzia. Likifunga? Miaka hii maduka ya baiskeli yamefunga mengi, baada ya ile mihemko ya wakati wa korona walijaza maghala na wateja wakaisha.

Upande mwingine wa hilo ni kwamba bei zimeshuka. Modeli ya mwaka uliopita unaweza kuipata kwa punguzo la maana. Usione aibu kuomba.

---

Mzee_wa_Sakina

Nimesoma toka mwanzo. Mimi niko Arusha, nimetengeneza baiskeli za watalii na za wenyeji tangu hazina hata gia. Nataka niongezee kwa wale wanaosoma uzi huu wakiwa na wazo la kuleta hizo nyumbani.

Nimeshaletewa mbili hapa. Wenyewe wazungu, walikuja nazo kwa kontena. Cheni, breki, rimu, shokapu, hayo yote namaliza. Moja ikawasha taa nyekundu kwenye usukani, mota ikakataa. Nikaangalia nyaya, nikasafisha viunganishi, ikakataa. Nikawaambia hapa mimi nimefika mwisho, hii inataka kompyuta yake na kompyuta yake haipo hapa. Wakaiendesha hivyo hivyo bila umeme. Kilo 25 bila umeme kutoka Ngaramtoni, mnaijua ile barabara.

---

Msituni

Shikamoo mzee. Nashukuru kwa hilo, maana kwa kweli nilikuwa na wazo siku nikirudi nirudi nayo.

---

Mzee_wa_Sakina

Marahaba mwanangu. Rudi nayo ukijua unarudi na nini.

---

WaNgong

Na mtu asidhani ataipanda nayo ndege. Betri ya baiskeli haiingii ndege ya abiria, si kwa mzigo wa chini si kwa mkononi. Kikomo ni Wh 160, na hiyo hadi shirika likubali. Yako ni 800. Inaenda kwa meli kama mzigo wa hatari wa daraja la 9, na lazima iwe imefungashwa inavyotakiwa. Fremu unaweza kupanda nayo ndege bila betri, halafu ukifika unabaki na baiskeli nzito isiyo na moyo.

---

Tajiri_Mtarajiwa

Bodaboda haijawahi kuomba kompyuta. Nasema tu.

---

Msituni

Wakuu, mrejesho. Jumamosi nilikwenda duka la kwanza wakaniachia ile ya alumini kwa asubuhi nzima, nikaacha kitambulisho. Nikapanda nayo kilima cha Rosskopf, kisha nikashuka Borderline, kwa wasiojua ni njia halali ya baiskeli ya milimani iliyojengwa na kutunzwa na watu wa hapa wenyewe.

Kupanda: nilikaa, sikusimama hata kwenye zile kona za mawe yaliyolegea. Fundi, ulichosema kuhusu gurudumu la nyuma nimekiona kwa macho. Kuna sehemu yenye ngazi za mizizi mitatu mfululizo, na yangu ya zamani huwa nashuka naisukuma. Hii nilishusha gia moja kabla, nikaendelea kuzungusha, nyuma ikawa inanyanyuka na kukaa, inanyanyuka na kukaa, siti haikunirusha. Nikajikuta juu naangalia nyuma kama kweli nimepita hapo.

Kushuka: Dada Zai ana haki yake. Ni nzito. Kwenye zile kona za kwanza nilichelewa kuigeuza, na breki ya nyuma ilianza kutoa harufu kabla ya katikati. Kitu kingine, pedeli ziligonga mawe mara kadhaa wakati wa kupanda, kishindo hadi kwenye goti.

Betri niliichomoa mwenyewe pale dukani, ufunguo, inadondoka mkononi. Sekunde chache.

Sasa wana matoleo mawili ya hiyo hiyo. La bei ya chini lina foku ya miguu ya mm 34 na breki za pistoni mbili. La juu, tofauti kama euro 700, lina foku ya Fox 36 na breki za pistoni nne, diski mm 203 mbele na nyuma. Halafu kuna la tatu la kaboni, mbali kabisa kibei. Je, tofauti inalipa?

---

FundiSpoku

Hizo 700 ndizo pesa zitakazokufaa kuliko senti yoyote nyingine kwenye baiskeli hii. Lipa.

Wewe na baiskeli ni kilo 117. Foku ya miguu ya 34 itapinda ukiingia kona ya mawe na breki imekamatwa, utahisi usukani unaenda upande wake. 36 ni mahali pa kuanzia kwa uzito wako. Breki, ile harufu uliyoisikia ndiyo jibu. Pistoni nne, diski 203 pande zote, na ukishuka milima mirefu weka pedi za metali badala ya zile laini za resini zinazokuja nazo. Zinapiga kelele zikilowa, lakini zinashika zikiwa moto.

Kaboni achana nayo. Utalipa maelfu kupunguza kilo moja na kidogo kwenye fremu ya baiskeli ya kilo 25. Hiyo hela ibaki kwenye tairi. Na tairi angalia maandishi ubavuni: kama ni Maxxis yenye EXO peke yake, hiyo ni ganda jembamba la baiskeli za kawaida, nyuma omba wakuwekee DoubleDown, yenye ganda nene, kabla hujatoka dukani. Kwenye Schwalbe tafuta Super Gravity. Toa tyubu, weka maji ya kuziba. Uzito utaongezeka kidogo, lakini ni mota inayoubeba.

Pedeli kugonga ni jambo la kawaida kwa hizi za shokapu nyuma, maana ukikaa baiskeli inazama na pedeli zinazama nayo. Angalia urefu wa krenki. Kama ni mm 170, omba 160. Ni sehemu ya bei ndogo na kwa ya umeme huhitaji mkono mrefu wa krenki. Na jifunze kupanda kwa nusu pedeli, mbele nyuma mbele nyuma, kwenye mawe. Mota za sasa zinaendelea kusukuma kidogo hata ukiacha, kwa hiyo nusu zamu inatosha.

Gia: usihangaike na za bei ya juu. Cheni kwenye ya umeme inaisha haraka, na ikipitiliza inakula gurudumu la meno la nyuma, hapo ndipo bili inauma. Nunua kipimo cha cheni, ikifika 0.5 badilisha. Na usibadilishe gia huku ukikanyaga kwa nguvu zote. Punguza mguu kidogo, badilisha, kanyaga. Nusu ya cheni zinazokatika karakana kwetu zimekatika hapo.

---

Kisosora_Boy

Wakuu samahani kuingilia. Mimi niko Uholanzi, bajeti yangu ni nusu ya hiyo. Vipi ya mitumba? Nimeona moja ya Bosch ya 2020, betri ya 625.

---

FundiSpoku

Inawezekana, ila kwa masharti. Moja: mwambie muuzaji mkutane kwenye duka la Bosch, ulipie ripoti. Inatoa kilomita, mara ilizochajiwa, na wengine wana kifaa cha kupima uwezo uliobaki wa betri. Betri mpya ya Bosch ni mamia ya euro na zaidi, kwa hiyo ripoti si gharama. Mbili: hiyo ya 2020 ni mfumo wa zamani. Bosch walipoleta mfumo mpya 2021, betri za pande mbili hazipatani. Huwezi kuiwekea ya 750 au 800 kesho keshokutwa. Tatu: simama nyuma yake, shika siti, inyanyue taratibu mpaka kabla gurudumu halijaondoka chini. Ukisikia inagonga kidogo, beringi za viungo au za shokapu zimekwisha.

Na kwa zile mpya zaidi zenye kufuli ya kidijitali, muuzaji aifute kwenye akaunti ya simu yake mbele yako. Asipotaka, ondoka.

---

Dada_Zai

Msituni, ukishachagua usiendeshe na shokapu walivyokupa. Duka linaweka hewa ya mtu wa kati, wewe si wa kati.

Uliza pampu ya shokapu, kama hawakupi bure inunue. Kwenye shokapu ya nyuma kuna kipete cha mpira kwenye ule mguu unaong'aa. Vaa kila kitu, begi na maji, jiegemeze ukutani, panda juu taratibu, kaa kama unavyopanda mlima, sukuma kipete mpaka kwenye kizibo, shuka bila kuruka. Pima. Kama urefu wa mwendo wa shokapu ni mm 65, kipete kiwe kimesogea kati ya 16 na 19. Kimepita? Ongeza hewa. Hakijafika? Punguza. Kwa uzito wako nahisi utaongeza. Halafu mbele hivyo hivyo, kidogo pungufu.

Watu wanalalamika pedeli zinagonga kumbe wanaendesha baiskeli iliyozama nusu. Anza na hapo kabla hujabadilisha krenki.

---

FundiSpoku

Hilo ni kweli, dada kanizidi. Anza na hewa.

---

Msituni

Nimeweka oda. Alumini, toleo la Fox 36, saizi L. Wamekubali kunibadilishia tairi ya nyuma kwa tofauti ndogo. Nimepitia mpango wa kazini: miezi 36, makato yanatoka kwenye mshahara ghafi, na kodi ya manufaa ni asilimia 0.25 ya bei ya orodha kwa mwezi. Bima na huduma ya mwaka vimo humo. Mwenye uzoefu, kuna mtego wowote?

---

Dada_Zai

Soma kifungu cha kuacha kazi. Ukiondoka kabla ya miezi kuisha, mara nyingi unaichukua mkataba mwenyewe au unainunua kwa bei wanayokupa wao. Na usitarajie mwishoni ni yako moja kwa moja, wanakupa nafasi ya kuinunua, bei inajulikana siku ile. Kabla hujasaini linganisha na bei ya taslimu yenye punguzo, maana kwenye kukodi wanahesabu bei kamili na hilo punguzo ulilolipigania linaweza kuyeyuka.

---

Msituni

Sawa, hilo nitaliuliza Jumatatu. Swali la mwisho kabla sijaacha kuwasumbua: hapa Baden-Württemberg kuna ile sheria ya njia za msituni zenye upana chini ya mita mbili, baiskeli haziruhusiwi. Ya umeme inahesabiwa tofauti?

---

FundiSpoku

Hapana. Inayokata km 25 ni baiskeli kisheria, ina haki zile zile na makatazo yale yale. Chini ya mita mbili hupiti isipokuwa pameruhusiwa wazi, kama hiyo Borderline. Ukiifungua ile kikomo ya 25 kwa vile vifaa vya mtandaoni ndipo inakuwa chombo cha moto: bila bima na namba uko makosani hata kwenye barabara ya kawaida, na dhamana ya mota inakufa siku hiyo hiyo, kompyuta inaona.

Baridi inakuja. Betri ilale ndani, isiwe tupu wala isijae, kati ya asilimia 30 na 60, na usiichaji ikiwa imetoka nje kwenye barafu, iache ipate joto la chumba kwanza. Na breki mpya zinataka kuzoezwa kwanza: kabla ya Schauinsland, tafuta mteremko mtupu ulio salama, shika kutoka kasi ya kati hadi karibu kusimama, mara ishirini na kitu kila upande, mbele peke yake kisha nyuma peke yake, bila kufunga gurudumu. Usipofanya hivyo zitapiga kelele na utaniandikia hapa kwamba Fox na diski 203 ni uongo.

---

WaNgong

Saizi L una urefu gani mkuu?

---

Msituni

Sentimita 183. Walinipimia na M nikaona magoti yanagusa usukani kwenye kona.

---

WaNgong

Basi ni L. Tuma picha ikifika, na ikiwezekana ya betri ikiwa ngazi ya tatu.